Kichupa cha Dawa ya Kahawa Kimemponza Shemeji Yangu

Admin, pole na kazi. Jina langu liache, na kijiji pia, maana huku Karagwe gari letu linajulikana kuliko diwani. Nina miaka thelathini na mbili, nina mume na watoto wawili, tunaishi upande wa Bugene na tunalima kahawa na migomba. Kosa ninaloandika hapa halijaisha. Ninalifanya hata leo, kwa kunyamaza.

Mume wangu ana gari la spoti. Ndiyo, huku kwenye vumbi na matope. Jekundu, milango miwili, lina turbo, limekaa chini utadhani linatafuta senene kwenye majani. Analipenda kupita kiasi. Kila akimwaga oili, anakinga kidogo ile chafu kwenye chupa na kuituma kwa basi hadi maabara moja Dar. Huko wanaangalia unga wa vyuma uliomo, na kwa aina ya chuma kilichozidi wanajua ni sehemu gani ya injini inalika. Mimi nilikuwa nacheka: "Gari linapimwa damu, mimi nikiumwa kichwa naambiwa ninywe maji."

Maabara hutuma chupa zake. Nyeupe, ndogo, mdomo mpana, kifuniko kinakaza vizuri. Ya mwisho ilipokuja niliitamani, nikatia samli, nikaipanga kabatini. Nilijua chupa ni chupa. Siku ya kumwaga oili mume wangu akaita kutoka chini ya gari, "Mama watoto, lete ile chupa!" Nikakimbilia stoo, nikaokota nyingine inayofanana nayo, nikaipangusa ndani kwa khanga, nikampa. Alinyoosha mkono tu, hakuangalia.

Majibu yalikuja kwa simu, mume wangu akaweka sauti ya juu tusikie wote. Yule mtu wa maabara akasema, "Shaba iko juu mno, haijawahi kuwa hivi. Bearing za krenki zinalika. Usiliendeshe, na tuma oili nyingine tuhakikishe." Mume wangu hakusikia hilo la mwisho. Alikuwa ameshaanza kumtafuta mkosaji, na zaidi ya yeye mwenyewe, aliyekuwa ameliendesha ni mmoja tu, mdogo wake. Alikuwa ameliazima kwenda Mabira, kule Kyerwa, kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake.

Shemeji akaitwa. Akaapa. "Kaka, haki ya Mungu nilikwenda polepole. Ile milima hata bodaboda zilinipita."

"Vyuma havisemi uongo," mume wangu akajibu. "Muongo ni wewe."

Na mimi, nimeshika ungo wa kahawa, nikachomekea, "Huyu nilishasema hana breki." Nilisema hivyo kwa sababu juzi yake alikuwa amenitania kwamba ndizi zangu zina chumvi kuliko bahari. Basi, ni kwa ajili ya chumvi tu.

Mume wangu akatangaza kwamba haendi tena Mabira kumtolea mdogo wake mahari. Baba mkwe ni marehemu, kaka mkubwa ndiye baba. Kijana akienda bila kaka yake, wakwe watauliza amemkosea nini nduguye, na nani atampa binti mtu aliyekataliwa kwao?

Wiki iliyofuata mama mkwe akaja na bomba la kunyunyizia dawa. "Mwanangu waitu, kile kichupa changu cha kupimia mrututu kiko wapi?" Mrututu ni ule unga wa bluu tunaonyunyizia kahawa isishambuliwe na magonjwa. Nikataka kumwambia sijui, ndipo nikakumbuka stoo, na khanga yangu iliyokuwa na doa la bluu ambalo nilidhani ni wino wa watoto. Kemia nilisoma mpaka kidato cha nne. Mrututu una shaba. Nikamwambia mama nitakitafuta.

Ningesema siku hiyohiyo yangeisha. Jioni mtu wa maabara akapiga tena, akauliza kama tulitumia chupa yao. Mume wangu akageuka, akaniuliza. Nikasema, "Ndiyo, ileile." Hapo nilikuwa nimeshajua ukweli wote. Mpaka leo sielewi mdomo wangu uliupata wapi ule wepesi.

Sasa gari limefunikwa turubai linasubiri fundi kutoka Mwanza aje kufungua injini. Akifungua atakuta bearing nzima, na mume wangu si mjinga. Lakini fundi anakuja wiki ijayo, na Mabira wanatusubiri Jumamosi hii.

Jana shemeji alikuja mume wangu akiwa shambani. Amekonda. "Shemeji, kaka anakusikiliza wewe. Niombee. Hata mimi nimeanza kufikiri labda nilikanyaga mafuta bila kujua. Mwambie nakiri kosa, aniadhibu anavyotaka, ila anipeleke kwanza Mabira." Anakiri kosa langu, jamani! Nikamjibu, "Nitaongea naye." Akanishukuru kwa mikono miwili. Nikamwekea viazi, nikachota samli kwenye ileile chupa ya maabara, nikampakia. Akala, akasema leo chumvi iko sawa.

Mume wangu hanipigi, sitaki kumsingizia. Ninachoogopa ni jicho atakalonitazama nalo, na jicho la mama mkwe ambaye kila siku ananisifu kwamba nimeshika nyumba ya mwanawe. Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, nimestahili. Lakini mniambie na pa kuanzia: kwa mume wangu, kwa mama, au kwa huyu kijana aliyeanza kujishuku kwa sababu yangu? Keshokutwa ndiyo Jumamosi.