Damaris na Tanuri la Lami

Damaris Kerubo alipomwona Mama Kaisa kwa mara ya kwanza, alimpa pole.

Ilikuwa mwaka wa 2014. Damaris alikuwa mlinzi wa mapokezi katika jengo moja la ghorofa kule The Pearl, mtaa wa matajiri jijini Doha, Qatar. Mama Kaisa, bibi wa Kifini mwenye nywele fupi nyeupe, alikuwa amekuja Doha kuukimbia msimu wa theluji na kukaa na mwanawe. Mwana na mkewe wakienda kazini, nyumba ilimchosha, basi alishuka na kompyuta yake akaketi kwenye makochi ya lobi. Asubuhi hiyo Damaris alipita nyuma yake akaona picha ya kijivu iliyojaa mistari na madoa.

"Pole sana, mama," akasema. "Ni mapafu ya nani?"

Mama Kaisa aliitazama picha, akamtazama Damaris, kisha akacheka hadi miwani ikamdondoka. "Si mapafu. Ni msitu wa babu yangu."

Mimi naitwa Velma. Katika kambi yetu ya walinzi wanawake, Al Rayyan, nililala kitanda cha chini na Damaris cha juu, na habari hii aliniletea jioni ile ile kabla hata ya kuvua buti.

"Velma, kuna ndege inapita juu ya msitu ikimwaga miale ya leza," akaniambia. "Mingi inagonga matawi, lakini mingine inapenya hadi chini. Halafu kompyuta inaondoa miti yote! Ardhi inabaki kama kondoo aliyenyolewa. Kila shimo unaliona, kila njia ya zamani."

"Na huyo bibi anatafuta nini? Dhahabu?"

"Lami."

Nilicheka. Lami tunayoijua sisi ni ya barabara. Kumbe kwao, zamani, watu walichimba shimo lenye umbo la faneli, wakalijaza visiki vya msonobari, wakafunika kwa udongo na nyasi, kisha wakawasha moto wa polepole. Lami ilichuruzika kutoka kwenye mbao hadi katikati ya shimo, ikapita kwenye mfereji na kuingia pipani. Babu yake Mama Kaisa alisimulia mara nyingi jinsi alivyochoma lami karibu na kijito. Lakini hakuna aliyewahi kuliona tanuri lenyewe, na ndugu zake Mama Kaisa walishakubaliana kwamba mzee alikuwa akitia chumvi tu. Sasa msitu ungekatwa. Mashine zingeingia mwanzo wa kiangazi, na kama kulikuwa na kitu pale, magurudumu yangekisaga.

"Nimemwambia nitamsaidia kutafuta," Damaris akasema.

"Wewe? Msitu wenyewe umeuona wapi? Kisii yote ni migomba na majani chai!"

"Kwani nitaenda kwa miguu?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mama Kaisa alimwonyesha namna ya kufungua picha zile kwenye laptopu yetu ya pamoja chumbani, na cha kutafuta: duara lenye shimo katikati na mkia upande mmoja, kama kikaango chenye mpini. Siku zake za mapumziko Damaris alijilaza juu kule, kidevu kwenye mto, akichungulia nchi asiyoijua. Alama alizoweka zilimfikia Antti, mpwa wa Mama Kaisa aliyeishi karibu na msitu.

Alama ya kwanza ilikuwa mahali pa kugeuzia matrekta. Ya pili lilikuwa shimo la wanajeshi wa vita vya zamani. Kuhusu ya tatu, Antti aliandika: "Mwambie rafiki yako amegundua stoo yetu ya viazi."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Tangu siku hiyo tukamwita Profesa wa Viazi, na yeye mwenyewe akaitika.

Kisha msimamizi wetu, Githinji, akamkuta ameinamia kompyuta ya mkazi wakati wa zamu. Hakumgombeza sana, ila sheria ni sheria. Kesho yake akamhamishia kwenye geti la nyumba za kupanga kule Al Wakrah. Damaris alirudi amenuna. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Hata Mama Kaisa sikumuaga," alisema.

Haikupita wiki, teksi ikasimama mbele ya geti lile la Al Wakrah. Mama Kaisa akashuka na chupa ya kahawa na mfuko wa mikate ya mdalasini aliyoioka mwenyewe. Alikuwa amemwuliza Githinji mwenyewe mahali Damaris alipopelekwa, na akasubiri kwa utulivu hadi saa ya mapumziko. Wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wakila.

"Nimechoka kutafuta peke yangu," bibi akasema. "Macho mawili hayatoshi."

Siku hiyo alimfundisha jambo jipya: picha zile zina jua la bandia, na ukilihamisha, vivuli hubadilika na kufichua yaliyojificha. Ijumaa iliyofuata Damaris alilihamisha jua huku na huku kwa saa nzima. Mwanga ulipotoka kusini, kando ya kinamasi, likatokea duara hafifu. Mkia wake ulielekea mteremkoni, kama lami inavyotaka. Alipiga kelele nikamwaga chai.

Lakini Mama Kaisa, alipopigiwa simu, hakukubali. "Babu alisema karibu na kijito. Hapo kijito kiko mbali sana."

"Mama, angalia kando ya duara. Huoni mstari unaojipindapinda?"

Kompyuta ya bibi ikasikika ikibofywa. Kisha sauti ya bibi ikarudi, imebadilika. "Kijito kilihama," akasema. "Damaris, zamani kilipita hapo."

Theluji ilipopungua, Antti alikubali kwenda kuangalia, na tukaomba tuone kwa simu ya video. Siku hiyo Mama Kaisa alikuja Al Rayyan kwetu, akakaa kitandani kwangu na sahani ya mandazi mapajani. Loice, Carolyne na wengine walijazana hadi mlangoni. Kwenye skrini tuliona misonobari mirefu, tukasikia pumzi za Antti. Akafika kwenye kijituta kilichofunikwa na kuvumwani, ule uoto laini wa kijani kama zulia. Akapanda, akashuka katikati. Akazungusha chuma kirefu ardhini, akakivuta.

Udongo uliotoka ulikuwa mweusi tititi, una vipande vya mkaa. Akauleta puani. Akaunusa tena.

"Sema basi!" Loice akafoka, kana kwamba Antti anajua Kiswahili.

Antti akasema neno moja la Kifini. Mama Kaisa akafunika uso kwa mikono miwili.

"Anasema unanuka lami," akatutafsiria. "Mpaka leo unanuka!"

Carolyne alipiga vigelegele, majirani wakagonga ukuta, nasi tukagonga wetu. Mama Kaisa alimkumbatia Damaris akilia na kucheka pamoja. "Babu hakuwa mwongo," alirudia. "Hakuwa mwongo."

Miti ya pale haikukatwa. Wakataji walizungushia utepe, mashine zikapita mbali, na ndugu waliokuwa wakimcheka mzee wakaenda kupiga picha juu ya kile kituta. Mama Kaisa aliporudi kwao, alimtumia Damaris kipande cha sabuni ya lami. Tulikijaribu sote, tukanuka kama samaki wa kukaushwa kwa moshi.

Damaris alimaliza mkataba wake akarudi Kenya kusomea upimaji wa ardhi. Sasa anazunguka vilima vya Kisii na mashine ya miguu mitatu begani, na huko kwetu watu hawakosi kugombania mipaka. Juzi nilimpigia, akaniambia hawezi kuongea: wazee wawili walikuwa wanavutana mbele yake juu ya mti wa mpaka, na kila mmoja ameshamletea soda.