Leseni ya Sisi Watatu

Kitengela ya wakati ule, ukitaka mtu akukimbie, mwambie kitu kimeshuka bei. Kila mtu alikuwa ameshauziwa ploti ambayo iko na wenyewe wengine, na kama si yeye ni shemeji yake. Kwa hivyo ile Jumamosi jirani yetu aliingia kwa cyber akisema programu yetu imetoka mpya, na sisi wateja wa zamani tunalipa nusu, mama mwenye cyber hakuuliza ni nusu ya ngapi.

"Kwa nini nusu?" akauliza.

Wacha niseme kwanza tulikuwa watu gani. Mama alikuwa wa kutoka Garissa. Duka la nguo lilikuwa chini, cyber ilikuwa juu, kompyuta sita za wateja na moja ya pembeni ambayo mteja hagusi. Hiyo ya pembeni ndiyo nilikuwa nakalia. Shule mimi niliachia darasa la nane, lakini website nilijifunza mwenyewe, nafungua za watu naangalia ndani zimeandikwa aje, vile fundi anafungua redio ya jirani na haulizi ruhusa. Nilitengenezea shule, kanisa, na mzee mmoja wa kuku kule Isinya ambaye alitaka picha ya kila jogoo. Jirani alikuwa mtu wa Bungoma, amepanga nyumba ya nyuma. Siku za wiki alivaa suti akaenda kazi ya kompyuta Nairobi, Jumamosi anakuja kufanya vibarua vyake hapo kwa kiti yangu. Mama naye alikuwa ameshika kidogo, anaweza kubadilisha picha za madera kwa website ya duka bila kuniita.

Sisi wote tulipenda hiyo programu ya kuandikia website. Ilikuwa nyepesi, inafunguka kabla hujajikuna, na ukikosea inapaka mahali umekosea rangi nyekundu, haikuiti mjinga. Leseni yake tulinunua pamoja, kila mtu akatoa fungu lake, jirani akalipa na kadi yake ya benki. Ikafika mahali inauliza: jina la mwenyewe? Hapo tulikaa saa nzima. Likiandikwa la jirani, mama aliona atahama nayo. Likiandikwa la mama, jirani aliona siku moja atapata mlango umefungwa. Langu hakuna mtu alitaja. Mwisho nikaandika Sisi Watatu, nacheza tu, na kwa sababu hilo si jina la mtu yeyote, wote wakakubali. Kutoka siku hiyo kila asubuhi programu ilifunguka ikisema imesajiliwa kwa Sisi Watatu. Email pia tulifungua ya pamoja, neno la siri wote tukalijua. Wa kuisoma nilikuwa mimi peke yangu, wengine hawakuwa na wakati.

Sasa mama alikuwa amesimama hapo na mkono kwa kiuno.

"Mimi nauza dera. Dera nikishusha nusu, iko na shimo mahali. Nionyeshe shimo."

"Mama, hakuna shimo," jirani akasema. "Ni ya kushukuru wateja. Mwisho wa mwezi inaisha. Na hii mpya inakuandikia. Ukianza neno, yenyewe inamaliza. Hata wewe mama utatengeneza website mzima bila mtu."

Alikuwa anamwangalia mama, lakini hilo neno lilikuja likakaa kwa mapaja yangu. Bila mtu. Mtu alikuwa nani kama si mimi? Sikuwa na cheti. Nilichokuwa nacho ni kwamba nilijua kwa kichwa vitu ambavyo wao walikuwa wanatafuta kwa karatasi. Programu ikijua hivyo vitu, mimi nilikuwa narudi Kajiado kuhesabu mikia ya mbuzi.

Kwa hivyo nikaleta ng'ombe.

"Kwetu Kajiado," nikasema, "ukinunua mtamba akizaa, ndama ni wako. Hakuna mtu anakuja kwa boma yako kukuuzia ndama ya ng'ombe yako."

Mama akapiga meza. "Huyu kijana ana akili."

"Programu si ng'ombe," jirani akasema.

"Ndio maana haina maziwa," nikasema.

Wateja wawili wakacheka, na jirani akajua ameshindwa kwa siku hiyo. Lakini mimi sikulala vizuri na hiyo ndama. Kulikuwa na mahali kwa mtandao ambapo watumiaji wa hiyo programu wanabishana, watu wa nchi zote, na siku hizo walikuwa wanararuana juu ya hii upgrade. Mmoja alisema ameibiwa. Mwingine alisema atabaki na ya zamani mpaka kaburini. Nikaandika na kizungu changu ya kuchechemea: mtu akinunua ng'ombe, ndama ni ya nani? Mmoja akaniuliza kama niko serious. Mwingine akajibu kwamba ndama ni yako, lakini nani amekuwa akiilisha hii miaka yote? Halafu mwenye kutengeneza programu mwenyewe akaingia, akasema yeye ni mtu mmoja tu, anafanyia kazi nyumbani, na ako na mtoto mdogo. Nikafunga. Kila muuza ploti ako na mtoto mdogo.

Kitu ambacho sikuambia mtu ni hiki. Barua ya hiyo nusu bei ilifika kwa email yetu Jumanne baada ya hiyo Jumamosi, na ilikuwa na namba ambayo bila hiyo hupati kupunguziwa. Niliisoma mara mbili. Halafu nikaitupa kwa pipa la email.

Jumamosi iliyofuata jirani akarudi amejipanga.

"Nimesoma kwa website yao. Kila mteja wa zamani ametumiwa barua. Iko kwa email yetu."

"Fungua," mama akaniambia.

Nikafungua. Nikageuza kioo wote waone. Kulikuwa na mzee wa kuku anauliza jogoo wa tatu ameenda wapi, na matangazo. Barua haikuwa. Pipa hakuna mtu aliniambia nifungue, na mimi si mtu wa kufanya kazi sijatumwa.

Mama aliangalia kioo, akaangalia jirani. Akaongea polepole, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya.

"Jirani, kama una shida, sema shida. Usiniletee hadithi."

"Mama, unanijua."

"Nilikuwa nakujua."

Jirani alitoa kwa mfuko ule ufunguo wa cyber alikuwa amepewa wa kujifungulia Jumamosi mapema. Akaweka juu ya meza, kando ya chai yangu. Akashuka ngazi. Huyo ndiye mtu alinionyesha kupanga kazi yangu kwa mafaili, kitambo nikiwa naweka kila kitu mahali pamoja kama nguo chafu. Chai sikumaliza.

Wiki hiyo mama aliongea na kila mteja juu ya watu wenye suti na lugha tamu. Hakutaja mtu, lakini suti tulijua ni ya nani. Mimi nikashusha hiyo programu mpya ya kujaribu, ile ya siku thelathini bure, nione adui yangu sura. Nikamwita mama.

"Jaribu hii. Andika ukurasa wa mitandio."

Alibonyeza herufi moja. Programu ikamletea maneno kumi achague. Akabonyeza ingine, ikamletea kumi zingine.

"Hii inaniuliza maswali kama polisi wa barabara," akasema. "Si ungeniambia tu ni gani?"

"Hiyo ya tatu."

"Basi andika wewe."

Akaenda kuswali magharibi. Nikabaki naangalia yale maneno kumi. Programu ilikuwa inajua yote, lakini haikujua mama anataka nini. Nilikuwa nimechoma jina la mtu bure.

Alipotoka kuswali nilikuwa nimetoa barua kwa pipa na kuichapisha. Nikampatia karatasi. Aliisoma na kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini.

"Ilikuwa wapi?"

"Kwa pipa."

"Barua hujitupa kwa pipa?"

"Hapana, mama."

"Nani husoma hiyo email?"

"Mimi."

Chini mteja aliita bei ya dera na hakujibiwa.

"Enda umwite," akasema. "Na utamwambia wewe. Mimi sina mdomo wa kazi hiyo."

Nilibisha kwa jirani, akafungua na shati ya nyumbani. Nikasema yote nikiangalia viatu vyangu. Akachukua karatasi.

"Mimi nilifikiri ni mama aliitupa," akasema. "Ili asilipe." Halafu, "Imebaki siku ngapi?"

"Mbili."

Akavaa viatu.

Tulilipa hiyo jioni, kadi yake, namba yetu. Mama alimrudishia ufunguo, akamwekea sambusa mbili juu yake. Programu ikauliza: jina la mwenyewe? Nikaanza kuandika Sisi.

"Futa," mama akasema. "Weka lako. Yote matatu, vile iko kwa kitambulisho."

"Kabisa," jirani akasema, haraka sana.

Nilifurahi kama dakika moja. Halafu nikakumbuka vile kwetu ng'ombe anakatwa alama kwa sikio, na yule wa kupenda kutoroka anakatwa vizuri zaidi, ndio akipatikana Ngong ama Magadi ijulikane arudishwe wapi. Nikawaangalia. Hakuna mtu alikuwa anacheka.

Jumamosi jirani alikuja, akasoma jina langu kwa kioo kwa sauti, yote matatu, akauliza mwenye leseni kama anaruhusiwa kukaa. Nikampisha. Nikaenda kwa mashine ya wateja nifungue email yetu, nisome barua ya mzee wa kuku. Haikufunguka. Nikaandika neno la siri tena, polepole, nikidhani ni vidole. Walikuwa wamelibadilisha.