Watoto wa Benyamini

Jumapili iliyopita binti yangu alikuwa akimsomea mama yangu Maandiko. Alipofika kwenye ukoo wa Benyamini, mimi na mama tulitazamana.

Utotoni kwangu, pale Mirongo, mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea bibi mzaa baba, maana macho yake yalikuwa hafifu. Mchana mmoja, harufu ya dagaa wa kukaanga ikiingia kutoka uani, nilisoma kwamba Benyamini alikuwa na wana watatu: Bela, Bekeri na Yediaeli. Nilipigwa na butwaa. Baba yangu aliitwa Benyamini, na mtoto wake niliyemjua ni mimi peke yangu. Sikuelewa kwamba aliyetajwa ni mwana wa Yakobo, aliyezaa mojawapo ya makabila ya Israeli. Nilidhani ni ukoo wetu ulioandikwa humo, na mimi nimesahauliwa.

Bibi alikuwa ameshasinzia. Nikakimbilia uani kwa mama.

"Mama, kumbe baba ana watoto wengine!"

Mwiko ulisimama. Mafuta yaliendelea kuchacharika kikaangoni.

"Nani kakwambia?"

"Majina yao yameandikwa. Yako chumbani kwa bibi."

Hakuuliza yameandikwa wapi. Alikiipua kikaango taratibu, akakaa kwenye kigoda, akanivuta karibu hadi nikasikia harufu ya moshi kwenye kanga yake.

"Wako wangapi?"

"Watatu. Wote wa kiume."

Mama aliziba mdomo kwa kiganja.

"Watatu?" alinong'ona. "Mimi nilijua ni wawili."