Nyuso Walizonikabidhi

Siku yangu ya kwanza studio kule Nairobi, Mkurugenzi alinipa kiti kibovu na onyo. "Dada, picha ikiharibika analaumiwa mpiga picha. Mengine yote utalaumiwa wewe. Ndiyo kazi ya mtayarishaji." Nilicheka, lakini alisema kweli. Mtayarishaji ndiye anayetafuta ruhusa, watu, mahali, hata chakula, na kamera haishiki.

Niliipenda kazi ile mno, hadi tulipotengeneza filamu ya wakata mkonge. Niliamini, na hata leo naamini, kwamba anayelima astahili kushiba. Wakati ule maneno hayo yalitosha kukupa jina la mkomunisti. Afisa wa usalama akaniita ofisini kwake.

"Wewe ni mkomunisti?"

"Mimi ni mtoto wa Langoni, Lamu. Nasali, nafunga."

"Basi nitajie wenzako wenye mawazo haya, urudi kazini kesho."

Wenzangu nilikula nao sahani moja. Sikumtaja mtu. Tangu hapo kila studio niliyobisha hodi niliambiwa, kwa adabu nyingi, kwamba nafasi zimejaa. Mkurugenzi mwenyewe akiniona njiani huvuka ng'ambo. Iliniuma sana, ingawa sikumchukia. Naye alikuwa na familia ya kulisha.

Nikarudi Lamu na kamera moja ya video. Watu walinisalimu kwa mbali, wakihofia kuulizwa habari zangu. Aliyebisha hodi ni jirani yetu Bi Zuhura, aliyekuwa akimwoza binti yake.

"Ndoo kwangu unipigie picha za kupamba."

Kupamba ni sherehe ya wanawake pekee. Buibui huvuliwa, bibi harusi huonyeshwa kwa uzuri wake wote, na wanaume hawaingii. Mkanda wa video wa sherehe hiyo ukionwa na mwanamume, ni fedheha ya nyumba nzima.

"Bi Zuhura, huogopi? Serikali yasema mimi si wa kuaminika."

"Serikali haikukulea. Sisi twakuyua."

Nililia mbele yake bila haya. Tangu siku hiyo nikawa mtayarishaji, mpiga picha na mhariri, yaani mkataji na muungaji wa picha, yote peke yangu. Niliitwa harusini hadi kisiwa cha Pate, nikishuka bandarini Mtangawanda na kamera nimeifunga kwa leso, nikafika hadi Kiwayu. Nakala za mikanda nilizoachiwa na wenye harusi nizitunze nilizifungia kabatini.

Sasa nimestaafu, macho hayataki tena. Juzi vijana wa filamu walinijia kutoka Nairobi, wakitaka kuonyesha kazi zangu hadharani na kunisafishia jina. Nimelitamani jambo hilo maisha yangu yote, siwafichi. Niliwapa nakala yangu ya filamu ya mkonge kwa mikono miwili. Kiongozi wao akatazama kabati.

"Na ile mikanda, Bi? Hiyo ndiyo kazi yako ya miaka mingi. Bila hiyo tutaonyesha nini?"

"Hiyo haitoki, mwanangu."

"Sasa watu watajuaje ulichokifanya?"

"Waliomo wanajua," nikamwambia, nikamwongeza kahawa.