Goti la Hajati Hajarah

Abbo alizaliwa Osukuru, mashariki mwa Uganda, akasomea uhandisi, na sasa anafundisha chuoni Busitema. Kazi anayoipenda kuliko zote ni kubuni magoti ya bandia: chuma kinachovishwa ncha ya mfupa wa paja, kingine juu ya mfupa wa muundi, na katikati plastiki ngumu ya kutelezea.

Wazo la goti jipya alilobuni lilitoka mji wa Busia, dukani kwa Hajati Hajarah, muuza vitenge. Goti la kulia la Hajati lilikuwa limelika. Daktari alimwambia akiwekewa la bandia atatembea bila maumivu, ila asitegemee kupiga magoti tena. Hajati akakataa.

"Goti hiyo wametengenezea mtu wa kiti," alimwambia Abbo. "Mimi naswali chini. Tengeneza yangu, mwanangu. Nitangoja."

Abbo alikuwa amelelewa na mama aliyepalilia akichuchumaa na kuwasalimu wakwe kwa magoti, kwa hiyo hakucheka. Alirefusha mviringo wa nyuma wa kile chuma cha paja, akapunguza ukingo wa plastiki, ili mguu ukikunjwa sana visigongane. Kwenye mashine ya majaribio goti lilikunjika vizuri, kisha plastiki ikachomoka.

"Rudia umbo la kawaida," mwenzake Osire alimshauri. "Lile halichomoki."

"Halichomoki kwa sababu halikunjwi hivi. Hili nitalidhibiti."

Akaongeza kinundu katikati ya plastiki, cha kuzuia chuma kisiteleze. Kikavunjika. Akakinenepesha shina na kukisogeza nyuma kidogo. Mashine ikakunja na kukunjua wiki baada ya wiki, plastiki ikatulia. Osire mwenyewe ndiye aliyelitetea goti hilo mbele ya kamati ya madaktari. Walidai majaribio zaidi, wakayapata, ndipo wakaruhusu wagonjwa wachache wa kwanza.

Hajati alitangulia. Baada ya upasuaji alifanya mazoezi miezi mingi, akilalamika na kuendelea. Siku aliyoruhusiwa na daktari kupiga magoti, alitandika mkeka, akashika kigoda, akashuka taratibu. Abbo alisimama kando, wala hakunyoosha mkono kumsaidia. Hajati akagusa mkeka kwa paji la uso.

"Inauma, Hajati?"

"Inavuta kidogo. Kuinuka ndiyo kazi," alisema, uso ukiwa bado chini. "Lakini nimefika."

Kesho yake Abbo alirudi maabara. Mgonjwa wa pili alikuwa na mifupa midogo, kwa hiyo Abbo akaanza kuchora goti la saizi yake.