Ngazi ya Ghorofa Isiyokuwepo

Nyumba ya mama yangu iko Buyenzi, kwenye barabara iliyotiwa lami juzijuzi tu, na lami hiyo ndiyo iliyotuletea balaa. Kabla yake hakuna ofisi iliyokuwa na habari nasi. Baada yake walikuja mabwana wawili wa ofisi ya ujenzi, wakaitazama nyumba yetu kwa huruma, wakasema barabara ya lami haitakiwi kuwa na nyumba fupi.

"Mama, hapa sasa ni etaje tu. Nyumba ya chini, apana," alisema mmoja wao, kwa upole kabisa. "Kama hauna nguvu, uzisha kwa mutu mwenye iko nayo."

Tulipewa miezi sita.

Mama hakutaka hata kusikia habari ya kuuza. Uani kulikuwa na chumba kimoja, na ndani yake aliishi mpangaji wetu, mama mmoja wa Uvira, na watoto wake watatu. Alikimbia vita kwao, akapanga Gatumba, karibu na mpaka. Maji yakajaa Gatumba mpaka madirishani, akaja kwetu na godoro lililolowa. Kila asubuhi alirudi huko mpakani kuuza mawese. Mama alikuwa amemwahidi kwamba hatahama tena. "Siwezi uzisha nyumba iko na watu ndani," alisema, na hilo likawa jibu lake kwa kila mtu.

Basi tukaenda kuomba kibali cha ghorofa. Tukatumwa ofisi ya mabomba, mlango wa pili kwenye korido ileile. Bwana mwenye miwani akatueleza kwamba Buyenzi imejaa. Bomba la maji limechoka, mifereji ya majitaka imeelemewa, mtaa hauruhusiwi kuongeza hata mkaazi mmoja. Ghorofa yenye watu haiwezekani. Nilimuuliza kama amewahi kuzungumza na wenzake wa mlango wa kwanza.

"Wale ni serevisi ingine," alijibu, kana kwamba nimemuuliza habari za Wachina.

Kwa hiyo tulilazimishwa kujenga ghorofa, na tukakatazwa kumweka mtu humo. Mimi nilipandwa na hasira. Lakini Buyenzi ni mtaa wa mafundi, na gari lisilo na injini huingia hapa likisukumwa na kutoka likinguruma. Jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, alitusikiliza mpaka mwisho bila kuzima sigara.

"Wanataka etaje yenye haina watu," alisema. "Etaje inaanzia wapi? Kwa eskalye. Tuwape eskalye."

Akatafuta chasisi ya lori bovu, akaanza kukata vyuma vya ngazi. Vidato alivitoa kwenye bodi ya nyuma ya lori hilohilo, na kimoja kilikuwa bado na nusu ya neno "Uvumilivu" kwa rangi ya njano. Wanaume waliotoka msikitini walisimama kutoa maoni. Wengine walitaka ngazi iwe na kona, kwa sababu ngazi za watu wenye uwezo zina kona. Mama alitaka iwe na mkono wa kushikia, mtu asianguke akienda juu, ingawa juu kwenyewe hakukuwepo. Tulicheka wiki tatu nzima, na mpangaji wetu alicheka kuliko wote.

Zilipobaki siku nne, fundi alikuja na chaki kuchora mahali pa kuisimamisha. Mbele ni hifadhi ya barabara, marufuku. Kushoto ni ukuta wa msikiti. Kulia ni duka la vipuri. Akazunguka nyumba akiwa ameinama, akafika uani, na chaki ikasimama mlangoni kwa mpangaji.

Tulikuwa tumepima urefu, kona na rangi. Chini hatukupima. Mama alikaa juu ya ndoo akasema tuache yote, na wakati huohuo mpangaji akaingia na madumu yake ya mawese. Aliitazama chaki, akaelewa upesi kuliko sisi.

"Maman, acha. Nyumba ikienda, mi pia ntatoka tu. Heri nitoke mi peke."

Alihamia Cibitoke kwa binamu yake, ambako tayari walilala wanne chumba kimoja. Godoro lake nililibeba mimi. Chumba pia nilikibomoa mimi, na matofali yaliachia kirahisi.

Siku ya ukaguzi walikuja wa ofisi zote mbili. Yule wa ujenzi alipanda mpaka kidato cha mwisho, akasimama hewani na faili lake, akatangaza kwamba etaje imeanza. Yule wa mabomba alibaki chini. Aliuliza zamani tulikuwa wangapi na sasa tuko wangapi. Mama akamtajia.

"Wakaazi wamepunguka wane," alisema huku akiandika. "Très bien, Mama. Kama wote wangefanya hivi!"

Mama akasema asante. Nilimchukia kwa muda mfupi, kisha nikakumbuka nani alishika nyundo, nikainama kumfuta yule bwana vumbi la tofali kwenye suruali.