Nota za Mwalimu Nilizojifanya Nazisoma

Nimekosa, tena kwa makusudi. Jina silitaji, maana nikilitaja tu kwaya nzima ya kigango chetu hapa Kirumba itanijua, na sina uso wa kuwatazama.

Kwa miaka tisa nimepiga kinanda kanisani bila kujua kusoma nota. Hata moja! Napiga kwa sikio. Wimbo mpya ukija, nawaambia waimbaji waanze wao, nasikiliza mara mbili, ya tatu naingia. Karatasi ya nota nilikuwa naiweka mbele yangu kama msomi, na nikiona sauti ya kwanza wamefunua ukurasa, na mimi nafunua. Watu walinisifu. Sifa tamu jamani, nilizilamba.

Aliyenikabidhi kinanda hicho ni mzee wetu, mwalimu wa kwaya, Mhaya mmoja mpole wa kutoka Bukoba. Mwaka jana figo zikamlaza kitandani. Nilipokwenda kumwona akanipa bahasha ya kaki.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Humo kuna muziki wa kinanda peke yake, hauna maneno. Nimemtungia marehemu mke wangu. Mikono yangu haiwezi tena. Nipigie niusikie mara moja tu, kabla sijamfuata."

"Hiyo ndogo, mwalimu. Jumapili tu nakuja kukupigia."

Ulimi huu! Nyumbani nilichungulia ukurasa wa kwanza, nikaona vidoa vyeusi vimejaa kama dagaa walioanikwa soko la Mwaloni, na vinamba vidogo vidogo juu yake. Nikaifunga bahasha. Ningeweza kumwambia sijui. Ningeweza kumtafuta anayejua, na mzee angesikia wimbo wake. Lakini aibu! Mpiga kinanda wa miaka tisa aanze kuuliza?

Jumapili nikasema adapta imeungua. Iliyofuata, umeme. Ya tatu binti yake akanipigia simu kwamba baba anauliza. Basi nikabeba kinanda kidogo mpaka kwake, nikachukua nyimbo mbili za redioni nilizozizoea, nikazichanganya, nikazipiga polepole zitie huzuni.

Mzee alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza nikamwambia, "Nimeurahisisha kidogo, mwalimu."

Akatabasamu. "Umeurahisisha mpaka haupo. Kaufungue tena mwanangu, taratibu. Nakusubiri."

Sikuufungua. Alhamisi akafariki.

Msibani yule binti alinishika mikono yote miwili, akanishukuru mbele za watu kwa kumpigia baba wimbo wa mama. Nikaitikia! Nikasema asante. Mungu anisamehe.

Baada ya arobaini moyo ulikataa kutulia. Nikavuka kwa kivuko cha Kamanga na bahasha yangu, kwenda kwa mama mmoja Mlutheri anayefundisha kinanda. Nikamweleza ukweli wote, mara ya kwanza maishani mwangu. Akazitandaza kurasa tatu mezani, akazifuata kwa kidole mstari kwa mstari.

"Baba, hivi vinamba ni vidole," akasema. "Moja ni kidole gumba, mbili kinachofuata, hivyo hivyo mpaka tano. Kila nota ameiwekea kidole chake, na pembeni ameonyesha mkono ukae wapi. Mtu anayesoma haandikiwi hivi. Huyu mzee alijua husomi, akakuandikia wewe."

Alijua! Miaka yote hiyo alijua, na hakuniumbua hata siku moja. Aliushusha muziki wa mke wake mpaka ukafika kwenye vidole vyangu, na mimi nikauacha kwenye bahasha. Nililia pale mezani kwa watu mpaka yule mama akaenda kuniletea maji.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna kitu unajifanya unakijua, iwe kazini, kanisani au kwa mkeo, sema leo kwamba hukijui. Kuuliza si ujinga. Mimi msemo huo niliujua tangu shule ya msingi na bado nikanyamaza. Aibu ya kusema inaisha siku hiyo hiyo. Hii yangu sijui itaisha lini.

Nimejifunza sasa. Nasoma nota polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, lakini nasoma. Kurasa zote tatu nazipiga mpaka mwisho, na nikimaliza hakuna wa kuniambia kama nimepatia.